Baba Akiugua Tezi Dume, Siri Ni ya Nani?

Ndugu wasomaji, hasa nyinyi akina baba mliovuka miaka 50, na nyinyi akina mama mnaolala kando yao, leo tunazungumza jambo ambalo kwa kawaida watu hulisema kwa kunong'ona. Msione haya. Lililo ndani ya nyumba zenu halina budi kuzungumzwa na mtu, na ni afadhali lizungumzwe kwa heshima.

Tumfikirie baba mmoja wa Kiminini, kwenye barabara ile itokayo Kitale kwenda Webuye. Ana umri wa miaka 64. Ana shamba lake la mahindi, ng'ombe wawili wa maziwa, na watoto wake wamekwisha kuoa na kuolewa. Ni mtu wa kuheshimika. Akisimama kwenye baraza la chifu watu hunyamaza wamsikilize. Lakini kwa muda wa mwaka mzima sasa, usiku huamka mara nne au tano. Hutoka kwenda chooni, husimama gizani muda mrefu, na mkojo hutoka kwa matone. Akirudi kitandani, kabla hajashikwa na usingizi, unambana tena.

Mkewe humwuliza, "Baba watoto, kuna nini?" Naye hujibu, "Hakuna kitu, ni baridi tu." Baadaye akahamia chumba cha pili, akidai kwamba anakohoa na hataki kumsumbua mama. Safari za mjini amezipunguza, maana hawezi kukaa kwenye matatu mpaka Kitale bila kuhangaika. Tendo la ndoa limekoma bila neno lolote kusemwa. Mama analala peke yake na swali moja kifuani: je, amepata mwanamke mwingine?

Baba huyu tumemwumba sisi kwa ajili ya mazungumzo yetu, lakini nyumba zinazofanana na yake ni nyingi. Swali letu ni hili: je, mume ana haki ya kumficha mkewe ugonjwa wa namna hii? Na kama tiba yenyewe inagusa kitanda cha ndoa, ni nani mwenye kuamua?

Ugonjwa wenyewe ni nini?

Kabla ya kuhukumu, tujue kwanza tunahukumu nini. Tezi dume ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu cha mkojo, nayo huuzunguka mrija wa mkojo kama pete inavyozunguka kidole. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya maji ya shahawa. Mwanaume anapozeeka, tezi hii huendelea kukua. Karibu nusu ya wanaume wa umri wa miaka 51 hadi 60 wanayo tezi iliyoanza kukua hivi, na kwa waliopita miaka 80 ni takribani tisa katika kila kumi. Si wote wanaosumbuliwa, lakini pete ikibana sana, mkojo hupita kwa shida.

Kukua huku si saratani, wala si ugonjwa wa zinaa. Hauletwi na uzinzi, hauletwi na laana, na mke hauambukizwi. Hata hivyo saratani ya tezi dume inaweza kuwapo kando yake bila kujulikana, na ndiyo sababu daktari hupima kwa kidole na kwa damu kabla ya kusema lolote. Ukiachwa bila matibabu, ugonjwa unaweza kuleta mawe ya kibofu, mkojo wenye damu, maambukizo ya mara kwa mara, na hata kuharibu figo. Wengine mkojo huziba kabisa ghafla, na hapo mtu hukimbizwa hospitali akitoa jasho la uchungu ili awekewe mpira.

Sababu za kuficha

Tusimdharau baba anayeficha. Anazo sababu zake, na baadhi si za kijinga.

Kwanza, husema: huu ni mwili wangu. Mimi ndiye ninayeumia, basi mimi ndiye mwenye siri. Pili, husema: namhurumia mama, kwa nini nimpe mzigo wa wasiwasi wakati ana shinikizo la damu? Tatu, na hili hulisema moyoni tu: nikikiri kwamba sehemu hii ya mwili wangu imelegea, nitakuwa bado ni mwanaume?

Sababu hii ya tatu ndiyo nzito kwetu sisi wa Trans Nzoia na Bungoma. Miongoni mwa Wabukusu, kijana hufanywa mwanaume mwezi wa Agosti, katika miaka isiyo witiri, alfajiri, akiwa amepakwa matope ya mtoni, mbele ya ukoo mzima. Husimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Tangu siku hiyo amefundishwa kwamba maumivu ya mahali pale hayatangazwi. Sasa miaka 50 baadaye maumivu yamerudi mahali palepale, na mzee anafanya kile alichofundishwa: ananyamaza.

Lakini tuangalie vizuri. Kijana yule hakujificha. Alisimama hadharani, mchana ukipambazuka, na watu wake wakiwa wamemzunguka. Ushujaa wake haukuwa katika kuficha kwamba anakatwa. Ulikuwa katika kuvumilia mbele ya wale waliompenda. Anayejifungia chumba cha pili na kusema "ni baridi tu" hafuati mila ile. Ameigeuza juu chini.

Na hiyo sababu ya huruma je? Huruma ya kweli humpunguzia mwenzio mzigo. Hebu tuulize: mama huyu amepunguziwa nini? Amenyimwa wasiwasi juu ya ugonjwa, akapewa wasiwasi juu ya uaminifu. Wa kwanza una dawa hospitalini. Wa pili hauna. Mume aliyekusudia kumlinda mkewe amemwachia adhabu ya kosa ambalo hakuna aliyelifanya. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kwa wanandoa maneno hayo yana uzito wa pekee: mtu akimficha mwenzake alicho nacho, hata amani haizaliwi.

Inabaki ile ya kwanza: mwili ni wangu. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, aliwafundisha kwamba katika ndoa mwili wa mume si wake peke yake, na mwili wa mke vilevile. Watu wengi hulikumbuka fundisho hilo wanapotaka kudai tendo la ndoa. Wachache hulikumbuka wanapougua. Kama mwili wangu ni wa mke wangu siku ya furaha, itakuwaje uwe wangu pekee siku ya maradhi? Siku ya harusi tuliahidi kushikamana katika afya na katika ugonjwa. Ugonjwa usiojulikana mtu hawezi kushikamana nao. Kumficha mke ugonjwa wa namna hii ni kumzuia asitimize ahadi yake.

Jibu letu kwa swali la kwanza, basi, ni hapana. Anaweza kuchelewa siku chache akitafuta maneno. Hiyo ni haki ya kibinadamu. Lakini kumwacha mke gizani mwaka mzima si haki.

Tiba zimebadilika

Baba wengi huficha kwa sababu wamesikia hadithi za zamani: kwamba ukienda hospitali utapasuliwa tumbo na utarudi huna nguvu za kiume. Basi tueleze mambo yalivyo.

Wenye dalili nyepesi huweza kuangaliwa tu, huku wakipunguza vinywaji jioni, pamoja na chai, kahawa na pombe. Wengine hupewa vidonge. Kuna vidonge kama tamsulosini, ambavyo hulegeza misuli ya shingo ya kibofu na kuleta nafuu kwa siku chache, ingawa vingine huleta kizunguzungu mtu anaposimama. Kuna vidonge kama finasteraidi, ambavyo hupunguza ukubwa wa tezi polepole kwa miezi sita au zaidi, na kwa baadhi ya wanaume hupunguza hamu ya tendo la ndoa. Jambo hilo mke anapaswa kulijua, asije akadhani amechukiwa.

Wapo pia wanaotumia magamba ya mti ambao wataalamu huuita Prunus africana, na Wakikuyu huuita muiri. Mti huu humea katika misitu yetu, Mlima Elgon ukiwamo, na magamba yake yametengenezewa dawa ya tezi dume huko Ulaya kwa miongo mingi, mpaka biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti mwaka 1995. Utafiti umeonyesha kwamba huweza kuleta nafuu ya kiasi. Lakini nafuu si kupimwa. Anayekunywa magamba bila kupimwa anaweza kuwa anatuliza dalili huku saratani ikikua.

Vidonge visipotosha, kuna operesheni. Iliyo maarufu zaidi haipasui tumbo. Daktari hupitisha chombo chembamba katika njia ya mkojo na kukwangua tezi inayobana. Ni tiba inayoaminika na nafuu yake hudumu miaka mingi. Wanaume wengi hubaki na nguvu zao kama zilivyokuwa. Lakini kwa walio wengi, baada yake shahawa hazitoki nje tena. Hurudi nyuma kwenye kibofu na kutoka na mkojo baadaye. Haina madhara kwa afya, na raha haiondoki, ila kupata mtoto kwa njia ya kawaida huwa vigumu. Kwa tezi kubwa sana wapo wanaohitaji kupasuliwa, au kutolewa tezi kwa leza pale ambapo mashine ipo.

Katika miaka ya karibuni zimekuja tiba zinazougusa mwili kidogo zaidi. Moja hutumia vishikizo vidogo vinavyoivuta tezi kando na kuufungua mrija, kama mtu afungavyo pazia la dirisha. Iliruhusiwa Marekani mwaka 2013. Nyingine huchoma sindano ndogo ya mvuke wa maji ndani ya tezi, kila mara kwa sekunde chache, nayo tezi husinyaa kwa wiki kadhaa. Hiyo iliruhusiwa huko mwaka 2015. Kwa ya tatu, daktari wa mionzi hupita katika mshipa wa damu wa paja au wa mkono na kuziba kwa chembe ndogo mishipa inayoilisha tezi. Kwa tiba hizi mtu mara nyingi hurudi nyumbani siku ileile au ya pili yake, na wengi hubaki wakitoa shahawa kama kawaida.

Zina bei yake, wala si ya fedha peke yake. Hazimfai kila mtu; ukubwa na umbo la tezi ndivyo vinavyoamua. Nafuu huja polepole, na pengine si kubwa kama ya operesheni. Wengine hulazimika kutibiwa tena: katika jaribio la vishikizo lililofuatwa kwa miaka mitano, karibu wanaume 14 katika 100 walihitaji operesheni au tiba nyingine, katika lile la mvuke walikuwa wanne hivi katika 100. Tena si kila hospitali inazo. Kutoka Kiminini mgonjwa huanzia kwa daktari wa karibu, akaandikiwa barua kwenda Kitale au hospitali ya rufaa ya Moi kule Eldoret, na huko ndiko anakoambiwa ni tiba ipi inayomfaa na inayopatikana.

Nani ataamua?

Hapa ndipo penye swali la pili. Tiba moja inadumu lakini inaondoa shahawa. Nyingine inaacha shahawa lakini huenda ikarudiwa, na huenda ikahitaji fedha nyingi. Daktari anaweza kueleza haya yote, lakini hawezi kusema ni lipi lenye thamani zaidi katika nyumba yako. Hilo si swali la udaktari.

Kwa baba yetu wa miaka 64, ambaye mkewe amepita umri wa kuzaa, shahawa si jambo la uzazi tena. Lakini tuseme ni mjane wa miaka 55 aliyeoa tena mke wa miaka 35, na bado wanatamani mtoto. Kwa mke huyo, operesheni iliyofanywa bila yeye kuambiwa ni mlango uliofungwa wakati amelala. Hata kama mlango huo ungefungwa tu, alistahili kuwapo ulipofungwa.

Wako Wakristo wanaouliza: je, si dhambi kukubali tiba inayozuia uzazi? Msihangaike. Papa Paulo wa Sita, katika barua yake Humanae vitae ya mwaka 1968, alifafanua kwamba tiba ya lazima ya ugonjwa wa mwili si kosa, hata ikijulikana mapema kwamba itazuia uzazi, mradi kuzuia huko kusiwe ndilo kusudi lenyewe. Anayetibiwa tezi dume anatafuta kukojoa, kulala na kulinda figo zake. Dhamiri yake na itulie.

Wako pia wanaouliza kinyume chake: je, tuuze ekari moja ili baba apate ile tiba ya kisasa? Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kufuata tiba ya gharama inayoiacha familia bila chakula, iwapo ipo tiba ya kawaida inayoponya. Hata hivyo si dhambi kuitamani. Kabla ya kuuza chochote, ulizeni bima ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, italipia nini.

Sasa, wakizungumza wakashindwa kukubaliana? Tuseme mama anataka operesheni, na baba anataka mvuke. Hapa nasema wazi: neno la mwisho ni la yule atakayelala juu ya meza ya daktari. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kuamua pamoja hakumpi mke mamlaka ya kuusukuma mwili wa mumewe, kama ambavyo mume hana mamlaka ya kuusukuma wa mkewe. Ila kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyemsikiliza mwenzake kisha akaamua, na mtu aliyeamua ndipo mwenzake akasikia. Wa kwanza ametumia haki yake. Wa pili amechukua na ya mwenziwe.

Neno kwa akina mama

Akina mama, nanyi mna deni. Mzee akikufunulia jambo hili, amekupa kitu ambacho hajampa mtu mwingine duniani. Siri haikwisha, imekuwa yenu wawili. Kama atakuta inajulikana kwenye jumuiya au kisimani, hatakufunulia jambo lingine tena, na hutakuwa na haki ya kumlaumu. Usimcheke, hata kwa mapenzi. Usimwambie "umezeeka." Mwambie, "Tutakwenda wote," kisha uende naye.

Na kama anakataa kabisa kwenda? Huwezi kumbeba. Unaweza kusema ukweli bila kuchoka, unaweza kumwomba rafiki yake wa rika aliyetibiwa azungumze naye, kwa idhini yake. Lakini mkojo ukiziba kabisa, au ukitoka na damu, au homa ikimshika, hapo si wakati wa kubembeleza. Tafuta gari usiku huohuo.

Mfano wa mfalme

Mnamo Januari 2024, Mfalme Charles wa Uingereza, akiwa na miaka 75, alitangaza kwamba tezi dume yake imekua na kwamba atalazwa London kutibiwa. Ikaelezwa kwamba alikubali jambo hilo litangazwe ili wanaume wengine wapate moyo wa kupimwa. Siku ile, watu waliotafuta habari za ugonjwa huu kwenye ukurasa wa huduma ya afya ya Uingereza waliongezeka zaidi ya mara kumi. Wakati wa matibabu hayo madaktari walikuta jambo lingine, na mwezi wa Februari ikatangazwa kwamba ana saratani, isiyo ya tezi dume. Lingekawia kuonekana kama angenyamaza.

Hakuna anayewataka akina baba wa Kiminini wajitangaze kwenye redio. Mfalme aliwaambia mamilioni. Ninyi mnaombwa kumwambia mtu mmoja, naye amelala chumba cha pili, macho wazi, akisikiliza mlango wa nje ukifunguliwa kwa mara ya nne.

Baba, usiku wa leo ukiamka, usirudi kwenye kile chumba kingine. Rudi kwake. Keti kando ya kitanda, useme, "Mama watoto, kuna jambo." Mengine yatafuata: daktari, vipimo, na uamuzi mtakaoufanya wawili. Mungu azibariki nyumba zenu.